Boya kubwa linamficha krapi

Karibu kila duka la vifaa vya uvuvi nchini Marekani, liwe la mjini au kibanda cha chambo kando ya ziwa, lina boya moja lisilokosekana: kimpira cha plastiki, nusu nyekundu nusu nyeupe, chenye springi ya kubana mshipi juu na chini. Ni rahisi kulifunga, linaonekana kutoka mbali, na ndilo anayeanza kuvua huambiwa anunue. Hoja yangu ni kwamba kwa samaki aitwaye krapi boya hilo halifai, na kwamba chelezo kinapaswa kuchaguliwa kwanza kwa uzito utakaoning'inia chini yake, urahisi wa kukiona ukifuata baadaye. Naliandika jambo hili kwa Kiswahili kwa sababu familia nyingi zilizotoka Kongo, Burundi na kwingineko katika ukanda wetu sasa zinaishi Louisville, Lexington, Nashville na miji mingine iliyo karibu na maji yenye krapi tele. Baadhi yao wametoka kando ya Ziwa Tanganyika, ambako uvuvi ni riziki. Wanastahili ushauri bora kuliko ule uliochapishwa nyuma ya pakiti.

Tuanze na samaki mwenyewe. Krapi ni wa aina mbili, mweupe na mweusi, na wote ni jamaa wa besi wa mdomo mkubwa, samaki anayesifiwa sana na wavuvi wa Marekani. Besi hushambulia kwa kishindo, krapi sivyo. Wengi wanaovuliwa wana uzito wa robo kilo hadi nusu kilo, na hata rekodi ya dunia ya krapi mweupe, aliyevuliwa Enid, Mississippi, mwaka 1957, haikufika kilo 2.4. Macho yake yamekaa juu kichwani. Hutulia kandokando ya visiki na matawi yaliyozama, akitazama kinachopita juu yake. Akiona kisamaki hukisogelea taratibu, hufungua kinywa ghafla na kukifyonza pamoja na maji. Ngozi ya kinywa hicho ni nyembamba kiasi kwamba wavuvi wa huko humwita mdomo wa karatasi. Ukimkwanyua kwa nguvu, inachanika. Chambo chake nacho ni chepesi: visamaki hai vifupi kuliko kidole, au chambo cha bandia chenye kichwa cha risasi cha gramu moja au mbili. Mshipi ni mwembamba na ndoana ni ndogo. Kinachobaki kikubwa katika mpango wote huu ni boya peke yake.

Hesabu yake si ngumu, na ndiyo inayoamua. Boya la kipenyo cha inchi moja, ambalo ni miongoni mwa yale madogo, husukuma maji ya gramu zaidi ya 8 kabla halijazama lote. Ondoa uzito wa plastiki na springi zake, ondoa na chambo cha gramu moja au mbili. Bado zinabaki gramu kadhaa ambazo samaki sharti azivute ndipo boya lipotee machoni. Umbo lake ndilo linaloharibu zaidi. Boya la duara likiwa limezama nusu, eneo lake usawa wa maji ni kama sentimita 5 za mraba, hivyo mvuto wa robo gramu hulishusha nusu milimita. Hakuna jicho litakaloona nusu milimita kutoka mita 10, sembuse kukiwa na viwimbi. Sasa chukua chelezo chembamba chenye ncha ya milimita 3, kilichoongezewa chubwi hadi ncha hiyo pekee ndiyo iliyobaki juu. Robo gramu ileile hukishusha sentimita 3 na nusu. Kama ncha iliyokuwa juu ni ya sentimita 3, imezama yote. Samaki ni yuleyule na nguvu ni ileile, lakini ishara anayoipata mvuvi imekuwa kubwa mara 70 hivi. Chelezo ni mizani, na mizani ya gunia la mahindi haiwezi kupima dhahabu.

Kuna jambo la pili ambalo boya la duara hulificha kabisa. Kwa kuwa krapi hula akipanda, mara nyingi hukichukua chambo na kuendelea kupanda nacho, au hubaki palepale akiwa amekinyanyua kidogo. Hapo mshipi haushuki, unalegea. Anayesubiri boya lizame atasubiri bure, maana uzito uliokuwa ukilivuta umeondolewa, nalo limenyanyuka kwa milimita chache zisizoonekana. Chelezo chembamba kilichojazwa uzito wake barabara hueleza tukio hilo waziwazi: hunyanyuka kwa sentimita kadhaa, huyumba, na mara nyingine hulala ubavu juu ya maji. Mvuvi aliyeelewa hivyo hakimbilii kuvuta kwa fujo. Hunyanyua ufito polepole hadi mshipi ukaze, na ndoana inashika bila kuupasua ule mdomo wa karatasi. Kwa maoni yangu sababu hii peke yake inatosha kubadili chelezo, hata kama hesabu ya gramu isingekuwapo.

Wako watakaosema kwamba samaki wa gramu 300 ana nguvu za kutosha kuzamisha boya lolote, na kwamba gramu tano au sita si kitu kwake. Ni kweli akiwa anakimbia. Lakini samaki ndani ya maji karibu hana uzito, maana kibofu chake cha hewa humweka palepale bila kuzama wala kuelea. Asipogeuka na kuondoka, hakuna kinachovuta mshipi zaidi ya ule mfyonzo mdogo wa kinywa. Majira ya baridi, maji yanapopoa na mwili wake kupunguza kasi, anaweza kukaa na chambo bila kusogea hata kidogo, kisha akakitema. Mvuvi hurudisha ndoana tupu na kulaumu ziwa kwamba halina samaki. Imani kwamba samaki yeyote atalizamisha boya hupewa nguvu na samaki wadogo wa jamii hiyohiyo, kama bluegili, ambao hudonoa kwa pupa na kulizamisha boya jekundu mara kwa mara. Mtoto akivua bluegili 20 kwa boya hilo, nyumbani wataamini linafaa kwa kila samaki.

Gharama ya kuchelewa kujua haiishii kwa mvuvi. Kwenye maziwa mengi ya Marekani krapi ana kipimo cha chini cha urefu. Katika Ziwa Kentucky, kwa mfano, ni inchi 10, yaani sentimita 25 hivi, na aliye mfupi zaidi lazima arudishwe majini. Tafiti za samaki wanaovuliwa na kuachiwa zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba mahali ndoana iliposhika ni miongoni mwa mambo makubwa yanayoamua kama ataishi. Aliyeshikwa mdomoni kwa kawaida hupona, na aliyeimeza hadi kooni au tumboni huwa hatarini zaidi. Kadiri chelezo kinavyochelewa kutoa habari, ndivyo samaki anavyopata muda wa kumeza kisamaki hai na ndoana iliyomo. Anayemrudisha krapi wa inchi 8 majini akiwa amechanika ndani ametii sheria, lakini ziwa limekwisha kumpoteza samaki huyo. Hili linaniuma kuliko idadi ya samaki wanaomponyoka mtu.

Pingamizi zito zaidi ni la macho. Wazee, na yeyote asiyeona vizuri mbali, husema ncha ya milimita 3 haina maana kama haionekani. Nakubaliana nao kwamba chelezo kisichoonekana ni kazi bure. Ila kuonekana kunaweza kutoka kwenye urefu na rangi bila kuongeza unene. Ncha ndefu ya rangi ya chungwa kali au njano ya kung'aa huonekana vizuri maji yakiwa meusi, na ncha nyeusi huonekana kuliko zote jua likimulika usoni na maji yakawa meupe. Anayehitaji zaidi anaweza kuchukua ncha ya milimita 5 na bado akapata ishara kubwa mara 25 kuliko ya boya la inchi moja. Upepo nao hutajwa, na ni kweli kwamba Ziwa Kentucky, lililoumbwa na bwawa lililokamilika mwaka 1944 katika Mto Tennessee, ni refu na wazi kiasi cha kuinua mawimbi ya kweli. Hata hapo tiba si duara kubwa, maana duara hilo ndilo upepo unaloshika na kulisukuma. Tumia chelezo kirefu zaidi chenye uzito ndani ya shina lake, mwili mwingi ukiwa chini ya maji, na uongeze chubwi chini yake. Hubeba gramu nyingi na kurushwa mbali, ilhali ncha inabaki nyembamba.

Kina cha maji nacho kina sauti katika uchaguzi huu. Katika Ziwa Reelfoot la Tennessee, lililotokana na matetemeko ya ardhi ya mwaka 1811 na 1812, maji ni mafupi na yamejaa visiki vya misiprasi. Hapo chelezo cha kubanwa mahali pamoja kwenye mshipi kinatosha, hasa majira ya kuchipua krapi anaposogea ufukweni kutaga. Kwenye maji ya mita 4 au 5, mbinu hiyo inagoma. Chelezo kilichobanwa mita 5 juu ya ndoana hufika kwenye ncha ya ufito na kukwama samaki akiwa bado mbali, na hakirushiki. Hapo kinafaa chelezo cha kuteleza: mshipi unapita katikati yake, juu kuna ushanga, na juu ya ushanga kuna fundo dogo la uzi linaloamua kina. Fundo hupita kwenye pete za ufito na kukunjwa pamoja na mshipi. Ukitaka kushuka sentimita 30 zaidi, unalisogeza kwa kucha.

Mtu anaweza pia kusema kwamba ushauri huu utaongeza risasi majini, kwa kuwa nataka kila chelezo kijazwe chubwi hadi ncha. Hofu hiyo ina msingi. Ndege wa majini humeza vipande vidogo vya risasi na kufa kwa sumu yake, ndiyo maana Uingereza ilipiga marufuku machubwi mengi ya risasi mwaka 1987 na baadhi ya majimbo ya Marekani yakaweka masharti yao. Lakini chelezo kidogo kinahitaji uzito mdogo, na machubwi ya bati yanapatikana madukani kwa bei ambayo haiwezi kuwa kisingizio. Mvuvi atumie bati, hata pale ambapo sheria bado haijamlazimisha.

Bei ya chelezo chenyewe haipaswi kumzuia mtu. Vyelezo vyembamba vya mti wa balsa huuzwa ghali kidogo kuliko maboya ya plastiki, lakini unyoya wa tausi au mwiba wa nungunungu, vitu ambavyo wavuvi wametumia tangu zamani, hutoa chelezo kizuri kwa kuongezwa rangi na pete mbili za mpira. Ninachowadai watengenezaji ni kidogo. Vyelezo vya Ulaya mara nyingi huandikwa ubavuni uzito vinaobeba. Maboya ya Marekani huuzwa kwa inchi za kipenyo, kipimo kisichomwambia mnunuzi lolote kuhusu chambo chake. Waandike gramu. Wakati huo ukisubiriwa, ndoo ya maji nyumbani inatosha: funga chelezo pamoja na chambo utakachotumia ziwani, kishushe, na uongeze chubwi mojamoja hadi ncha peke yake ibaki juu. Kisha ondoa chubwi ya mwisho ikiwa chambo chako kitakuwa kisamaki hai, maana nacho huvuta kikijaribu kukimbia.