Mshauri Naye Ana Watoto Shuleni

Huenda Litein waijua kwa majani chai tu. Lakini hospitali ya kanisa la AIC iliyoko hapo ilianza kama zahanati mwaka 1924, na hadi leo wengi waliolemewa na mawazo humwendea mchungaji kabla ya daktari.

Mpaka Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226 cha sheria ya jinai Januari 9, 2025, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu. Nani angefungua kinywa? Sasa mlango u wazi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wafadhili. Wao hupenda kulipia semina ya siku tatu, wapigwe picha, waende zao. Ushauri nasaha si hivyo. Mchumaji chai aliyedhulumiwa na nyapara aweza kuzungumza habari za mvua wiki nne nzima, la moyoni likatoka wiki ya tano. Siku hiyo mshauri awepo, tena yule yule. Anahitaji nauli, chumba chenye mlango unaofungika, na mshahara. Kujitolea kuna mwisho.

Basi ukichanga, changa kidogo kila mwezi, tena uliza mshauri alilipwa lini.