Wasichana wa mgambo wa 1978 bado tupo mitaani

Kila Julai 25 viongozi huweka mkuki na ngao, sime na mashada ya maua kwenye mnara wa mashujaa, na ni haki kabisa. Wanajeshi waliozikwa Kaboya, mkoani Kagera, walitulindia nchi. Ninalodai leo ni nafasi kwa wengine wa Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda, ambao hawatajwi: wasichana wa mgambo tuliobaki mjini mabomu yakianguka. Wengi tuko hai, na baadhi yetu tumezeekea hukuhuku Dar es Salaam: Mbagala, Tandika na Kinondoni.

Nilikuwa Bukoba Oktoba 1978, ndege za Idi Amin, rais wa Uganda, zilipoanza kuushambulia mji. Kishindo kile kilitikisa mabati, kikamwaga vioo, mbuzi wakakata kamba. Haukupita muda Amin akatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera ni yake, daraja la Kyaka likalipuliwa, na barabara ikajaa watu: akina mama na magodoro kichwani, wazee wakisukumwa juu ya baiskeli. Wenyeji wa mjini nao wakahama. Sisi wa mgambo tukaamriwa kubaki.

Kazi yetu haikuwa ya bunduki. Tulichimba mahandaki migombani, tukayafunika kwa vigogo vya migomba na kutandaza udongo juu. Mvua za vuli hazikutuhurumia. Kila asubuhi tuliyatoa maji kwa ndoo ndipo watu waingie. Bibi mmoja jirani alikataa katakata. "Mwanangu, siingii kaburini nikiwa hai," aliniambia, akakaa mlangoni na kiko chake. Nilimbembeleza, akagoma, mwisho nikambeba mgongoni. Usiku tulipita nyumba kwa nyumba: "Zima taa, Mama! Funika koroboi!" Tulifundisha watu kulala kifudifudi, kukaa mbali na vioo, na kuacha mdomo wazi ili kishindo kisiharibu masikio. Mwanza nako, mwishoni mwa Machi 1979, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilidondosha mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyamapori. Yangeangukia mitaa ya watu, tungekuwa tunasimulia mengine.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Mimi nikaolewa, nikahamia Temeke.

Kisha ikaja Aprili 29, 2009. Maghala ya mabomu ya jeshi yalipolipuka hapa Mbagala, vijana walitoka nje kutazama moshi, wengine wakakimbia ovyo huku vyuma vikiruka juu ya mapaa. Niliwavuta ndani watoto wa jirani, nikawalaza sakafuni mbali na dirisha, nikawaambia waachame. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Februari 2011 yakatokea yaleyale Gongo la Mboto. Maelfu wakakimbilia Uwanja wa Uhuru, na watoto wakapoteana na wazazi wao gizani.

Hili ndilo linaloniuma. Mwaka 1978, Bukoba iliwakabidhi wasichana wadogo jukumu la kufundisha mji mzima namna ya kujiokoa, na mji ukasikia. Dar es Salaam ina mamilioni ya watu, imekwisha kuonja milipuko mara mbili, na mtoto wa darasa la nne hapa mtaani kwetu hajui afanye nini akisikia kishindo.

Wenyeviti wa mitaa, walimu wakuu, tuiteni. Hatuhitaji posho wala medali. Tupeni kiti na saa moja mbele ya watoto. Mkutano wa mtaa unaojadili taka na ulinzi shirikishi unaweza kutenga dakika kumi kwa ajili ya hili. Na wewe msomaji, kama bibi yako au mama yako mkubwa alikuwa Bukoba, Kyaka au Mwanza miaka ile, muulize Jumapili hii na umrekodi kwa simu yako. Mdogo kabisa kati yetu ameshavuka miaka 60.