Kukariri "Mimi, Wewe, Yeye" Si Kujua

Pita nje ya madarasa ya chini hapa Birongo asubuhi, utasikia kiitikio: "Mimi! Wewe! Yeye! Sisi! Nyinyi! Wao!" Mzazi aliye langoni hufurahi, watoto wanasoma. Siku atakayowakuta wamekaa watatu watatu chini ya mparachichi wakirushiana mpira wa makaratasi, mzazi huyohuyo atauliza mwalimu analipwa kufanya nini.

Mzazi huyo amekosea mara mbili. Kelele ile ya asubuhi si masomo, na mpira ule si mchezo mtupu.

Neno "ndizi" linaweza kufunzwa ubaoni. Chora, andika jina, umemaliza. Ndizi ni ndizi hata ikitajwa na nani. "Mimi" halichoreki. Kerubo akilitamka ni Kerubo, Ombati akilitamka ni Ombati. Mtaalamu wa isimu kutoka Denmark, Otto Jespersen, aliliona jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1922: kuna maneno ambayo maana yake huhama kila anapobadilika msemaji, na yanawatatiza watoto wadogo. Sisi tunayachukua maneno hayo yanayohama tunayapigilia misumari ukutani kwenye chati ya manila.

Tazama kinachotokea darasani. Mwalimu anajigusa kifua na kusema "mimi". Darasa zima linamnyooshea kidole na kuitikia "mimi!" Kila mtu ameridhika, ilhali watoto wamefunzwa kwamba "mimi" ni mwalimu. Kisha anawaonyesha wao, anasema "nyinyi", nao wanajigusa vifua na kuitikia "nyinyi!" Kadiri wanavyopaza sauti ndivyo wanavyozidi kupotea.

Na tujiulize: ni mama gani wa Kigusii aliyewahi kumkalisha mwanawe jikoni amkaririshe inche, aye, ere, yaani mimi, wewe, yeye? Hakuna. Hata hivyo mtoto huingia Gredi ya 1 akiyatumia bila kukosea. Aliyapata kwa kuwasikia kaka na dada wakigombania kiti, huyu akisema "changu", yule akimjibu "si chako", yeye akitazama kando. Mwaka 1996 Yuriko Oshima-Takane na wenzake nchini Kanada walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa kwanza kuzaliwa na wa pili. Kwa lugha kwa jumla hawakupishana, lakini wale wa pili walitangulia katika viwakilishi vya nafsi, kwa maana walikuwa na wakubwa wa kuwasikiliza wakizungumza. Boma lenye watoto wengi huifanya kazi hiyo bila chati.

Kazi ya mwalimu basi ni kuliingiza boma hilo darasani. Watoto watatu watosha: anayesema, anayeambiwa, anayesemwa. Kerubo ameshika mpira: "Mimi nina mpira." Anamrushia Ombati: "Sasa wewe una mpira." Anamgeukia Moraa: "Yeye ana mpira." Kisha zamu inahama, na maneno yanahama nayo. Hapo mtoto anakutana na kitu ambacho wimbo haukumwonyesha kamwe: ni-, u- na a- kwenye kitenzi. Wapo wanaoimba orodha nzima bila kukwama, halafu nje ya darasa wanasema "sisi anaenda".

Nitaambiwa darasa lina watoto sitini. Sitini ni makundi ishirini. Kelele itakuwepo, lakini itakuwa ya watu wanaozungumza. Nitaambiwa wazazi wamechoshwa na mtaala wa umilisi, ambao tangu uanze kote nchini mwaka 2019 umewatuma dukani kutafuta manila na gundi. Malalamiko hayo ni ya haki, ila hayauhusu mpira wa makaratasi. Aliyewafanya wazazi waamini kwamba kufunza kwa vitendo ni kununua vitu ndiye aliyeuharibia jina mtaala huo.

Wengine watasema kutumia Ekegusii katika somo la Kiswahili kutawachanganya. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu, sera ya Kenya ni kwamba madarasa ya chini yafunzwe kwa lugha ya eneo. Mtoto anayejua "ere" amekwisha kujua "yeye" ni nani. Kilichobaki ni sauti mpya. Lugha zote mbili hazibagui mke na mume hapo, ndiyo maana mtoto wetu akianza Kiingereza humwita mama yake kwa kiwakilishi cha kiume. Hilo halitibiwi kwa kumcheka. Mpe vinyago vidogo vya mawe vinavyochongwa Tabaka, mwanamume na mwanamke, asimulie nani amefanya nini.

Wimbo si haramu. Uimbwe dakika mbili kuchangamsha darasa, kisha kazi ianze. Nawe mzazi, jioni usimwambie mwanao akuimbie orodha. Mwulize leo alicheza na nani na nani alifanya nini. Akikueleza bila kukuchanganya, mwalimu wake ameuhalalisha mshahara wake.