AKILI NAYO HUTAKA PALIZI

Mkulima aliyepanda asipopalilia hana haki ya kulalamika wakati wa mavuno. Jambo hilo kila mtu kijijini analijua, wala halina ubishi. Basi mbona tunadhani akili iliyopandwa shuleni itajipalilia yenyewe?

Ndugu wananchi, kazi ya kuandaa mikutano hunipitisha katika matawi mengi, na kila mahali huwaona watu wa namna mbili. Wa kwanza husikiliza, huuliza, hubisha kwa hoja, na akifika nyumbani huwasimulia wenzake. Wa pili hupiga makofi wenzake wapigapo. Mwulize nje ya mlango ni nini kilichosemwa, atakujibu, "Mkutano ulikuwa mzuri sana." Msidhani wa kwanza ndiye msomi na wa pili ndiye asiyesoma. La hasha! Mara nyingi wa kwanza ni mama aliyeishia darasa la nne, na wa pili ni bwana mwenye cheti kinachoning'inia ukutani. Kinachowatenga hawa wawili ni mazoezi.

Wako wanaosema kwamba haya ni maneno ya walimu tu. Na tuwasikilize madaktari. Ubongo ni karibu sehemu 2 katika 100 za uzito wa mwili, lakini hula karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu ambazo mwili hutumia ukiwa umetulia. Kiungo chenye ulaji wa namna hiyo si pambo. Kimeumbwa kwa kazi.

Mwaka 2024 tume ya mabingwa iliyokusanywa na jarida la utabibu liitwalo The Lancet ilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Ilisema kwamba kama yote yangeondolewa, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeepushwa au wangecheleweshwa kuugua. Mambo yenyewe ni haya: elimu haba utotoni, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, presha, kisukari, mafuta mabaya katika damu, unene uliopita kiasi, uvutaji wa tumbaku, ulevi, kutofanyisha mwili kazi, sonona, majeraha ya kichwa, hewa chafu na upweke.

Itazameni orodha hiyo vizuri. Humo hamna dawa ya kuagizwa ng'ambo kwa fedha nyingi. Presha hupimwa zahanati. Kofia ngumu ya pikipiki hulinda kichwa. Kutembea kwa miguu hakuna nauli, na Shirika la Afya Duniani lasema dakika 150 kwa juma zamtosha mtu mzima. Mzee asiyesikia akitengwa na mazungumzo, akili yake hukosa chakula, kwa hiyo msogelee, useme naye polepole. Na upweke hauponywi na daktari peke yake. Huponywa na jirani anayebisha hodi.

Sisemi kwamba mtu akicheza bao kila jioni hataugua kamwe. Wasomi wakubwa wameupata ugonjwa huu. Nasema kwamba mwenye kutumia akili yake huweka akiba, na mwenye akiba hachelewi kupata msaada siku ya dhiki.

Wala tusijidanganye kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi, ukaona kwamba karibu 6 katika kila 100 walikuwa nao. Wazee hao ni wetu. Bibi akisahau njia ya kisimani, akazungumza peke yake usiku, akawaita wajukuu kwa majina ya watu waliokwisha kufa, yuko jirani atakayenong'ona kwamba ni mchawi. Na katika nchi hii wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa minong'ono ya namna hiyo. Hapo wagonjwa ni wawili. Bibi ameugua uzee, na jirani ameugua uvivu wa kufikiri. Wa pili ndiye wa hatari zaidi, kwa maana ana panga mkononi.

Taifa letu limepata kuonyesha linaweza nini. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta kwamba watu wazima wawili hivi katika kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa chini ya miembe na katika maghala. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ikakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi. Walisikiliza, wakasoma, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ilipofika mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi 39 katika 100, na mwaka 1986 wakawa chini ya 10.

Kisha tukaweka jembe chini. Madarasa yakafifia na vitabu vya kusoma vikaadimika vijijini. Sensa ya mwaka 2012 ikakuta kwamba wasiojua wamepanda tena, wakapita 20 katika 100. Wengine walikuwa watoto waliokosa shule. Lakini wengine ni watu waliokwisha kujua, wakasahau kwa kukosa cha kusoma. Magugu hayana huruma kwa mtu mmoja, wala hayana huruma kwa taifa.

Najua jibu litakalotolewa: "Ndugu, tumechoka. Kazi ni nyingi, nafasi haipo." Basi tumtazame mtu aliyekuwa na kazi nyingi kupita sisi sote. Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa naye akiwa Rais. Mwaka 1969 akatoa nyingine, Mabepari wa Venisi. Kama yeye alipata nafasi, sisi tunaokaa saa mbili kila usiku tukisogeza picha za simu kwa kidole gumba hatuwezi kusema nafasi haipo.

Simu yenyewe si adui. Yaweza kuwa maktaba. Lakini anayepokea uvumi asubuhi na kuupeleka kwa watu hamsini kabla ya chai, bila kuuliza umetoka wapi, amemkodisha mtu mwingine akili yake. Tena bila kodi! Nchi haiwezi kujitawala ikiwa vichwa vya raia wake vimepangishwa.

Basi tufanye nini? Kila siku soma ukurasa mmoja, na jioni umsimulie mtu ulichosoma, kwa maana asiyeweza kusimulia hakuelewa. Fanya hesabu ya duka au ya shamba kwa kichwa kabla ya kushika simu. Cheza bao: mashimo 32 na kete 64 zitakufundisha kuona mbele. Wape watoto vitendawili, wazee waulizwe historia ya kijiji, na vijana wayaandike majibu yao. Jifunze kitu kimoja kipya kila mwaka, kiwe kushona, lugha au ufugaji wa nyuki. Tembea. Lala usingizi wa kutosha, maana akili iliyokesha haishiki kitu. Mwenye huzuni isiyokwisha asiambiwe ajikaze tu, bali apelekwe kwa wenye ujuzi.

Na kila tawi lifanye jambo moja bila kungoja amri. Mkutano ukiisha, kabla ya watu kutawanyika, wachaguliwe wawili waeleze kwa maneno yao wenyewe lililosemwa, na wa tatu aseme analolipinga. Viongozi wengine hawatalipenda jambo hili, maana makofi ni matamu na maswali ni machungu. Lakini tawi la makofi matupu ni shamba la magugu, hata kama kwa mbali linaonekana kijani.

Jembe analo kila mmoja wetu. Tupalilie.