Faini ndogo, ghorofa ndefu: nani anapata hasara?

Pango la fremu za Kariakoo halina desturi ya kusubiri kibali cha ujenzi. Nguzo zikishasimama na zege la ghorofa ya kwanza likikauka, madalali wameshapita, wapangaji wameshatoa kilemba, na wengine wamelipa pango la mwaka mzima kwa duka ambalo bado ni vumbi na mirunda. Hatumlaumu mfanyabiashara kwa kuwahi nafasi, maana asipowahi yeye atawahi jirani yake. Tatizo ni kwamba Jiji nalo huwasili baada ya fedha hizo kubadilishana mikono. Likifika linawakuta mwenye nyumba, mpangaji na benki iliyokopesha, wote wana sababu ya kutaka jengo lisiguswe.

Sheria zipo, tena si chache. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya 1956, inamtaka mwenye kiwanja apate idhini kabla ya kukiendeleza au kubadili matumizi yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaweka ngazi kwa anayevunja masharti ya hati: ilani, faini, na mwishowe kufutiwa miliki. Juu ya hayo kuna kibali cha ujenzi cha halmashauri, bodi za wakandarasi na wasanifu, na watu wa zimamoto. Mtu akisoma makaratasi hayo peke yake atadhani Dar es Salaam ni mji usioweza kuota hata kibanda bila mhuri.

Atembee basi Sinza, Mikocheni au Masaki. Viwanja ambavyo hati zake zinasema makazi vimegeuka baa, ofisi, shule na maghala. Kariakoo, sehemu za chini ya ardhi zilizochorwa kuwa maegesho ya magari zimekuwa maduka na stoo, na magari yamerudishwa barabarani kugombea nafasi na mikokoteni. Serikali inapoteza hapo pia, kwa kuwa kodi ya ardhi ya kiwanja cha biashara ni kubwa kuliko ya makazi, na asiyeomba kubadili matumizi anaendelea kulipa ile ndogo.

Kwa nini watu hawaogopi? Tupige hesabu ya kawaida ya dukani. Tuseme mwenye jengo ana kibali cha ghorofa nne naye akaongeza ya tano yenye fremu kumi, kila moja shilingi 500,000 kwa mwezi. Hiyo ni milioni 5 kwa mwezi, milioni 60 kwa mwaka. Akitozwa faini ya milioni 3, tena mara moja, ameilipa kwa pango la siku 18. Siku zinazobaki ni zake. Kwa mtu wa namna hiyo faini ni gharama kama saruji na nondo, na ataiingiza katika makadirio yake kabla hajachimba msingi.

Jirani zetu wa Kenya wameonja jambo hilo hilo. Sheria yao ya mipango ya 1996 ilimtishia anayejenga bila idhini kwa faini isiyozidi sh. 100,000 za Kenya au kifungo kisichozidi miaka mitano. Ile ya 2019 imepandisha faini hadi sh. 500,000, lakini kifungo kikashushwa hadi miezi miwili. Kwa mwenye jumba la vyumba vingi vya kupangisha jijini Nairobi, nusu milioni hiyo haimkoseshi usingizi.

Anayekosa usingizi ni aliyefuata taratibu. Amelipa msanifu, amelipa mhandisi, amesubiri kikao cha halmashauri, riba ya benki ikiendelea kutembea. Anapofungua milango anakuta mwenzake wa mtaa wa pili ana ghorofa mbili zaidi na anaweza kupangisha kwa bei ya chini. Wachumi wetu husema ushindani ni mzuri kwa soko. Huu hauna uzuri wowote, maana anayeshinda ni yule aliyepunguza nondo.

Na nondo zikipungua, matokeo tumeyaona. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu zaidi ya 30, wakiwamo watoto. Ilielezwa wakati ule kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa pungufu ya zile zilizopandishwa. Ghorofa 16, katikati ya mji, si kitu cha kuficha nyuma ya mabati. Kisha Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo la biashara Kariakoo, watu wakiwa madukani, na ikaelezwa kwamba kulikuwa na kazi ya kuchimba chini yake ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Waliokufa walizidi 25. Baada ya hapo ndipo ikaundwa timu ya kukagua majengo ya Kariakoo.

Wapo watakaosema dawa ni tingatinga. Safu hii haikubaliani nao. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, kwa kuwa zilikuwa ndani ya mita 121.5 za hifadhi ya barabara kila upande. Wengi wa wenye nyumba hizo waliishi hapo miaka mingi, wakiwa na umeme, maji, na risiti za kodi ya majengo. Mwaka huo huo hata sehemu ya makao makuu ya TANESCO pale Ubungo ikaamriwa ivunjwe. Ikiwa shirika la umma lenye wanasheria wake liliweza kujenga ndani ya hifadhi, mstaafu wa Kimara angeujuaje mpaka? Alama ya X nyekundu ikichorwa ukutani baada ya miaka 20, aliyeadhibiwa ni mnunuzi wa mwisho. Aliyeuza kiwanja na afisa aliyetia saini wameshahama.

Hakuna atakayesema siku hizi kwamba Serikali haina njia ya kujua. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, na jengo la ghorofa lina kiwango chake tofauti na nyumba ya kawaida. Mkono unaohesabu ghorofa kwa ajili ya kodi ungeweza kuzihesabu kwa ajili ya kibali. Ghorofa isiyo na cheti cha kukaliwa inyimwe mita, basi. Hapo hakuna tingatinga wala mgambo, na dalali atashindwa kupangisha duka lenye giza.

Faini nayo ifuate pango. Uingereza halmashauri hutumia Sheria ya Mali Itokanayo na Uhalifu ya 2002 kuiomba mahakama imnyang'anye mwenye nyumba kodi aliyokusanya kwa kukaidi amri ya mipango miji. Huko mkaidi anaweza kutoka mahakamani bila senti moja ya faida. Nasi tufike huko: kila mwezi wa pango lililokusanywa katika ghorofa isiyo na kibali urudi hazina, na afisa aliyepita hapo kila wiki bila kuona kitu aeleze alikuwa akitazama wapi.

Kwa wanaotafuta fremu kwa ajili ya msimu wa sikukuu: kabla ya kutoa kilemba, ombeni nakala ya kibali cha ujenzi, msome idadi ya ghorofa iliyoandikwa, kisha mvuke barabara mhesabu wenyewe. Kwa fremu za andagraundi, ulizeni mchoro ulisema pawe nini. Mwenye nyumba akisema kibali kiko kwa mwanasheria, kuna fremu nyingine mtaa wa pili.