SITINI KWA MIA YA WATU WANGAPI?



Zamani mwajiri alipokataa kutusikiliza alisema tu kwamba fedha hakuna, na mambo yakaishia hapo. Siku hizi huja mezani na karatasi. Ametembeza maswali kiwandani, amepiga hesabu, na sasa anawaambia wajumbe wetu: "Wafanya kazi 60 kwa mia wanataka zamu ya saa 12. Ninyi mnampigania nani?" Mjumbe asiyejua la kujibu hunyamaza, na akinyamaza huandikwa kwamba amekubali.

Maoni yangu ni kwamba karatasi ya namna hii isipokewe mpaka imejibu maswali. La kwanza ni hili: 60 kwa mia ya watu wangapi?

Tuseme kiwanda kina watu 800, na walioulizwa ni 40. Basi hiyo 60 kwa mia ni watu 24, na waliokataa ni 16. Wangegeuka wanne tu, ingekuwa 20 kwa 20. Sasa tudhani kwamba katika kiwanda kizima watu wamegawanyika nusu kwa nusu, hakuna upande uliozidi. Wataalamu wa hesabu huanza na dhana kama hiyo, vile vile mahakama inavyomhesabu mshtakiwa kuwa hana kosa mpaka ushahidi upatikane. Kisha huuliza: ikiwa kweli ni nusu kwa nusu, na watu 40 wamechaguliwa kwa kura, bahati tupu ingeleta watu 24 au zaidi wa kukubali mara ngapi? Ni sawa na kurusha shilingi mara 40 na kuhesabu upande mmoja. Jibu ni mara 13 hivi katika kila 100.

Jambo ambalo bahati peke yake yaweza kulileta mara 13 katika 100 si ushahidi wa kutosha kumsimamisha mtu mbele ya mashine saa 12. Desturi iliyoenea kwa kitabu cha Mwingereza R. A. Fisher cha mwaka 1925 ni kutoiacha ile dhana ya kwanza mpaka bahati iwe chini ya mara 5 katika 100. Hiyo 5 haikushuka kutoka mbinguni, ni mapatano ya wataalamu tu. Lakini mwajiri huyu hata hapo hajafika.

Je, wangeulizwa watu 400, na 240 wakakubali? Ni 60 kwa mia ile ile, lakini sasa bahati haiwezi kuileta hata mara moja katika 10,000. Hapo mjumbe mwenye akili habishani na hesabu. Ajue pia kwamba ukiuliza watu 100, jibu laweza kuyumba kama 10 kwa mia huku na huku. Ukiuliza 400, huyumba kama 5. Kupunguza kuyumba kwa nusu, sharti uwaulize watu mara nne. Ndiyo sababu mwajiri anapojisifu kwamba mwaka jana waliokubali walikuwa 50 kwa mia na mwaka huu ni 60, nasi twajua kila mara aliuliza watu 40, amejisifu kwa watu wanne.

Swali la pili ni hili: nani waliojibu? Kipimo chote nilichokieleza kinafaa tu ikiwa watu walichaguliwa kwa kura bila upendeleo. Huko Marekani mwaka 1936 gazeti la Literary Digest lilipeleka karatasi kwa watu kama milioni 10, na zaidi ya milioni 2 zikarudi. Likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akapata zaidi ya 60 kwa mia ya kura. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na wengi wa waliopelekewa karatasi hawakujibu. Milioni mbili nzima hazikuliokoa gazeti lile. Basi karatasi iliyogawanywa na nyapara, juu yake ina nafasi ya kuandika jina na namba ya kazi, itatuambia nini juu ya wale walioogopa kuirudisha?

Nasi tusijisifu. Katika mkutano wa tawi tukihesabu mikono na kusema 90 kwa mia ya wafanya kazi wanataka mgomo, tumehesabu waliokuja mkutanoni, na mara nyingi wanaokuja ni wenye hasira. Tena karatasi ya mwajiri ikishindwa na kipimo, haina maana kwamba wafanya kazi wameikataa zamu ile. Maana yake ni kwamba karatasi haijaonyesha kitu. Mjumbe anayesema zaidi ya hapo atanaswa na meneja yeyote aliyesoma.

Juu ya kutambuliwa kwa chama hakuna kubahatisha. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, sehemu ya 54, yataka chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaoweza kuwa wanachama. Hao huhesabiwa mmoja mmoja, wala mwajiri hawezi kuleta maoni ya watu 40 badala yao. Na sehemu ya 57 ya sheria hiyo yamlazimu mwajiri kukipa chama habari zote zinazohitajika kwa majadiliano.

Kwa hiyo maombi yetu yaandikwe: karatasi ngapi zilitolewa, ngapi zilirudi, maswali yenyewe yaliandikwaje, walioulizwa walichaguliwaje, na nani aliyezikusanya. Barua hiyo imfikie meneja wiki moja kabla ya kukaa mezani, si asubuhi ya mkutano.