Hoteli kubwa ya Beira: nani aliyeiharibu?

Wengi wanasema Grande Hotel ya Beira, kule Msumbiji, iliharibiwa na maskini. Sisi hatukubali.

Wareno waliijenga katika miaka ya 1950: vyumba zaidi ya 100, na bwawa kubwa la kuogelea. Ilikuwa kwa matajiri. Lakini matajiri hawakuja wa kutosha, faida ikakosa, na mwaka 1963 ikafungwa. Kumbe ilikufa mbele ya maskini kuingia!

Uhuru ukafika 1975, kisha vita, tangu 1977 mpaka 1992. Watu wa vijiji wakakimbilia mjini, wakakuta nyumba tupu. Wangelala wapi? Mpaka leo watu zaidi ya elfu moja wako mule, bila bomba la maji wala umeme. Wanapika, wanauza vitu, wanalea watoto.

Hatusemi ni maisha mazuri, hapana. Tunasema hivi: wakubwa wakitaka kuwatoa, wawajengee kwanza pa kukaa. Hii nyumba, hata bila madirisha, inasaidia mji kupita siku ilipokuwa inangoja wageni wasiokuja. Ninyi munaonaje?